Katika Wimbo Huo, Mwenye Dhambi ni Nani?

 Msikilizaji, hata kama wewe si Mkristo, umefungulia redio ukakutana na sauti yangu. Kaa tu. Mazungumzo haya hayana mlango wa kumfungia mtu nje.

Jumamosi moja, mwaka juzi, nilikuwa napiga pasi sare ya kwaya. Sisi tunavaa joho la zambarau lenye ukosi mweupe, na ule ukosi usipoupiga pasi ukiwa na unyevunyevu hautulii, unajikunja kama sikio la mbwa. Basi nilikuwa nimeinama, maji kwenye kikombe, vidole vinanyunyiza, pasi inapita, na simu iko mezani inapiga nyimbo za injili mfululizo, zile ambazo mtandao wenyewe unakuchagulia. Ukaja wimbo mmoja, sitautaja jina, wenye mdundo mzuri kwelikweli. Mwimbaji anasimulia jinsi Mungu atakavyowaaibisha adui zake. Waliomcheka watashika vichwa, waliomchimbia shimo watatumbukia wao, na yeye atawapita na gari lake huku wakimtazama. Nikaudaka. Mimi naimba sauti ya nne, kwa hiyo nikauwekea na besi. Tulipofika kiitikio mara ya tatu nikagundua kwamba kichwani mwangu huyo adui ana sura. Ana upara kidogo, ana masharubu, na amevaa kandambili za bluu. Alikuwa ni jirani yangu.

Jirani huyu alikuwa amejenga ukuta, na ukuta wake ukamega uchochoro wetu futi moja. Tulikwenda kwa mjumbe. Mimi nikapima kwa kamba, yeye akapima kwa hatua, mambo yakaishia hapo. Tangu siku ile salamu zetu zikawa za kukohoa. Na sasa nilikuwa hapa, joho la kwaya mkononi, namwomba Mungu amtumbukize mwenzangu shimoni, tena kwa raha, mguu unapiga sakafu. Nilivyoduwaa, pasi nikaisahau. Ukosi ukaungua, ukapata doa la rangi ya chai. Kesho yake nilisimama mstari wa nyuma kabisa, shingo nimeipinda kama mtu mwenye jino bovu.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza swali moja kuhusu muziki ninaousikiliza, na ndilo nililowaletea jioni hii. Lakini siwezi kulifikia kabla ya kupita kwenye lile ambalo wengi mnalitarajia, yaani ngoma, gitaa na viuno.

Kwa sababu ukikuta Wakristo wanabishana juu ya muziki, mara nyingi wanabishana juu ya hayo. Wazee wanasema biti ni za kidunia. Vijana wanasema Daudi alicheza mbele ya sanduku la Bwana. Katika kanisa moja ngoma inapigwa mpaka vumbi linatimka, katika jingine, hatua mia mbili kutoka hapo, wanaimba kwa sauti tupu na mtu akiingia na ngoma atatolewa nayo. Wenzetu Waislamu nao wanao ubishi wao kuhusu kaswida na ala zake, kwa hiyo tusidhani ni ugonjwa wa nyumba yetu peke yetu.

Mimi katika ubishi huo nina upande. Tuni haina cheti cha ubatizo. Mwaka 1535 Martin Luther alitoa wimbo wa Krismasi kwa ajili ya watoto, na tuni aliyoitumia ilikuwa ya wimbo wa mtaani, wimbo wa mafumbo ambao vijana wa Kijerumani walikuwa wakiuimba katika michezo yao. Mwaka 1601 mtunzi mmoja Mjerumani, Hans Leo Hassler, alichapisha wimbo wa mapenzi wa kijana aliyechanganyikiwa kwa ajili ya msichana. Tuni ile ikachukuliwa na kanisa, na leo ndiyo tuni ya ule utenzi wa Ijumaa Kuu unaozungumza na kichwa cha Bwana kilichojeruhiwa kwa miiba. Johann Sebastian Bach aliirudia mara kadhaa katika simulizi yake ya mateso ya Yesu kwa mujibu wa Mathayo, mwaka 1727. Akina mama wanalia kwa tuni hiyo kila mwaka, wala hawajui kwamba ilianza kwa kijana aliyekosa usingizi kwa sababu ya binti wa watu.

Na huku kwetu? Mwaka 1966, pale chuo cha teolojia cha Makumira, karibu na Arusha, mwanafunzi aitwaye Bernard Kyamanywa aliandika maneno ya Pasaka juu ya tuni ya asili ya Kitanzania. Ndiyo ile Mfurahini, Haleluya, ambayo Mlutheri wa nchi hii akiamshwa saa nane za usiku ataimba bila kitabu. Kabla ya hapo wazazi wetu walikuwa wanamsifu Mungu kwa tuni za Ujerumani na Uingereza, maneno ya Kiswahili yamebanwa ndani yake kama mguu mkubwa kwenye kiatu kidogo, silabi nyingine inavutwa, nyingine inamezwa. Kyamanywa akafungua kamba za kiatu. Kilichonifurahisha zaidi ni safari ya wimbo wenyewe, kwa maana ulitafsiriwa, ukaenda Ulaya na Marekani, na leo uko katika kitabu rasmi cha nyimbo cha Walutheri wa Ujerumani, namba 116. Wajerumani walituletea matarumbeta, nasi tukawapelekea Pasaka yenye miguu ya kucheza.

Wakatoliki nao wana la kusimulia. Kule Kamina, Katanga, mwaka 1958, Padre Guido Haazen na kwaya yake walisali misa ambayo maneno yake yalikuwa ya Kilatini kilekile cha Roma na tuni zilikuwa za Kongo. Missa Luba, ndilo jina lake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuja kuruhusu lugha na muziki wa wenyeji mwezi Desemba 1963. Kwa hiyo ngoma ilikuwa imekwisha kupita mlangoni, kibali kikafuata nyuma.

Sasa nisije nikaonekana nadai kwamba tuni zote ni sawa. Nilisema Luther alitumia tuni ya mtaani mwaka 1535. Sikumaliza. Mwaka 1539 aliiacha, wimbo uleule akaupa tuni mpya, na hiyo mpya ndiyo inayoimbwa mpaka leo. Watu wanaopenda kumtaja Luther kama wakili wa kila kitu huwa hawafiki mwaka huo. Tuni haina dhambi, lakini ina kumbukumbu. Vijana wa usharika wetu waliwahi kuchukua wimbo wa bongo fleva uliokuwa umeshika mji, wakabadilisha maneno, jina la msichana likatoka, jina la Yesu likaingia. Waliimba vizuri. Ila nilipotazama viti vya mbele niliona midomo ya watoto inaimba maneno ya zamani. Hakuna aliyewakemea, na sidhani kama walistahili kukemewa. Tuni ilikuwa bado ina mwenyewe.

Aliyeliwaza jambo hili kwa undani kuliko wote ninaowafahamu ni Mwafrika mwenzetu, Augustino, aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo. Katika kitabu chake cha Maungamo, sehemu ya kumi, anakiri jambo ambalo waimbaji wengi hatuthubutu kulikiri. Anasema anakumbuka machozi yaliyomtoka kwa nyimbo za kanisa wakati imani yake ilipokuwa changa, na kwa ajili hiyo anaona kuimba kuna faida. Lakini zipo nyakati ambapo sauti inamgusa kuliko neno linaloimbwa, na akijikuta hivyo anahesabu kuwa amekosa, angependelea asingemsikia mwimbaji kabisa. Halafu hatoi hukumu. Anabaki katikati, anaomba wasomaji wamlilie. Ni zaidi ya miaka 1,600 sasa, na bado sijasikia mtu aliyelisema vizuri zaidi. Tazama vilevile anakoelekeza kidole. Askofu huyo angeweza kuilaumu kwaya. Anajichunguza yeye.

Hapo ndipo swali langu linapoanzia. Nimeacha kuuliza huu muziki ni wa nani, umepigwa na nini, mwimbaji amevaa nini. Nauliza hivi: katika wimbo huu, mwenye dhambi ni nani?

Chukua simu yako. Pitia nyimbo za injili ulizozihifadhi. Usisikilize mdundo, sikiliza hadithi. Mbaya ni nani? Utakuta ni jirani. Ni ndugu wa mume. Ni wafanyakazi wenzangu waliokaa vikao. Ni rafiki niliyekula naye. Ni wachawi, ni wasengenyaji, ni waliosema sitazaa, sitaolewa, sitajenga. Na mwema ni nani? Mimi. Mungu yuko wapi? Yuko upande wangu, amekunja mikono ya shati. Wimbo wa dakika saba, nami sijakosa hata mara moja.

Mwalimu wetu wa kwaya, mzee mmoja mwenye chaki masikioni kama fundi seremala mwenye penseli, ana utaratibu wake wa siku ya Alhamisi. Anaandika solfa ubaoni, do, mi, so, mistari minne ya sauti nne, halafu anaweka chaki na kusema: bado. Hatuanzi na sauti. Anamwita mtu mmoja mbele asome maneno matupu, bila tuni. Anasema, soma kama unasoma barua. Mtu akimaliza anamuuliza maswali matatu. Barua hii imetoka kwa nani? Inakwenda kwa nani? Inaomba nini?

Siku moja kijana wa tena, yaani sauti ya tatu, alileta wimbo alioupenda, maarufu sana wakati ule, akaomba tuuimbe kwenye harusi. Akapewa asome. Akaanza kwa mbwembwe, akafika ubeti wa pili akapunguza mwendo, ubeti wa tatu akawa anasoma kama mtoto aliyekamatwa na peremende mfukoni. Maneno yalisema nitapanda, wataniona, nitapanda tena, wataniona tena. Mwalimu akauliza barua inakwenda kwa nani. Kijana akafikiri, akasema: kwa hao watakaoniona. Kwaya nzima tukacheka, na yeye akacheka. Jina la Mungu lilikuwamo, mara nyingi tu, lakini barua haikuwa yake. Alitajwa kama anavyotajwa mjomba mwenye cheo mtu anapogombana na trafiki.

Basi siku hiyo mama mmoja wa sauti ya pili akasimama. Huyu mama haogopi. Akasema: Mwalimu, na Daudi je? Mbona Zaburi zimejaa adui? Mbona ya 109 inaomba watoto wa mtu wawe yatima? Ukumbi ukanyamaza, maana ni kweli, imeandikwa, na tunaisoma.

Mwalimu alijibu kwa kufungua Biblia, akasoma mbele zaidi, mahali ambapo wengi hatufiki. Yule mwimbaji wa Zaburi 109 ni fukara. Magoti yake yamelegea kwa kufunga, amekonda, watu wakimwona wanatikisa vichwa. Ameshitakiwa kwa uongo na hana wakili. Hasira yake anaipeleka kwa Mungu na kuiacha huko kwa sababu hana mahali pengine pa kuipeleka. Hampiti mtu na gari. Na kitabu hichohicho cha Zaburi, akasema mwalimu, kina ya 51, ambayo mwenye dhambi ni mwimbaji mwenyewe, kuanzia mstari wa kwanza. Mwenye kuimba ya 109 peke yake amechana kitabu katikati.

Nami nikaongeza langu moyoni, na leo nalisema hadharani. Yupo mjane aliyetolewa ndani ya nyumba na ndugu wa marehemu, vyombo vyake vikawekwa nje na mvua inanyesha. Yupo mama lishe ambaye mgambo wamebeba sufuria zake na chakula kikiwemo. Huyo akiimba kwamba Mungu atamtetea, na adui wataaibika, mimi nani nimwambie abadilishe wimbo? Aimbe. Anacho cha kulilia. Ila maneno yaleyale yakija kinywani mwangu, mimi mwenye pasi ya umeme na ugomvi wa futi moja, yanageuka laana yenye gitaa. Ndiyo maana siwezi kukupa orodha ya nyimbo njema na nyimbo mbaya. Watu hunipigia simu studio wakiomba orodha hiyo. Sina. Wimbo unategemea pia ni nani anauimba na siku hiyo ameamka na nini.

Kuna swali jingine linalonijia kila nikigusa mada hii. Je, Mkristo asikilize muziki wa dansi? Taarabu? Bongo fleva? Nitawajibu kwa habari za mtu mmoja.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu, Manyema, Kongo, mwaka 1947. Alikuja Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, baadaye akavuma na Super Matimila. Dakta Remmy, wakamwita. Mpaka leo kuna kituo cha daladala Sinza kinaitwa Kwa Remmy, konda anakitamka mara mia kwa siku. Mtu huyu alikuwa na rasta ndefu, alipiga katika baa, na nyimbo zake zilikuwa za fukara, za yatima, za kifo. Wakati UKIMWI unafagia watu na wengi tunasema kwa mafumbo, yeye alitoka na Mambo kwa Soksi, akahimiza kondomu hadharani, na wengi wakang'aka. Miaka yake ya mwisho aliokoka, akaacha dansi, akaimba injili. Akafariki Desemba 2010.

Wakristo wengi husimulia maisha yake kama suruali yenye rangi mbili, hapa giza, hapa nuru. Sina neno na wokovu wake, namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ukisikiliza Kifo, wimbo wa enzi za baa, utasikia mtu anasimama mbele ya mauti hana pa kukimbilia, anasema hakina huruma, hakichagui mkubwa wala mdogo. Nimehudhuria ibada ambazo mahubiri yake hayakuwa na uzito wa wimbo huo. Ukiuweka kwenye kipimo cha mwalimu wetu, ukausoma kama barua, haumtukani jirani, haumpandishi mwimbaji juu ya mtu. Unatuweka wote kwenye mstari mmoja, na ule mstari tunaujua unakoelekea. Je, Mungu alianza kumsikia Remmy siku alipobadilisha lebo ya kaseti? Siamini hivyo. Wewe unaweza kuamini vingine, tukabaki ndugu.

Nyimbo za mapenzi nazipita haraka. Biblia ina kitabu kizima cha mapenzi, Wimbo Ulio Bora, wala hakikuingia kwa bahati mbaya. Mwenye ndoa akimpigia mkewe wimbo wa Mbaraka Mwinshehe wakati wa kupika, sioni tatizo. Tatizo naliona katika nyimbo zinazomfanya mwanamke kuwa nyama ya kupimwa kwa kilo, na hizo siruhusu zipigwe nyumbani kwangu, watoto wangu wanajua, wananiita Basata, lile baraza la sanaa linalofungia nyimbo. Sikukatazi wewe. Kila nyumba ina mlango wake.

Na kabla sijasahau, kuna wimbo wa dini ambao hauonyeshi imani hata kama maneno yake ni dhahabu. Ni ule ulioupata kwa shilingi mia tano kwenye flash ya kijana wa kona, nyimbo mia mbili kwa mkupuo. Sheria ya hakimiliki tuliyonayo ni ya mwaka 1999, na COSOTA wa kuisimamia wapo, lakini ukiingia kwenye gari la Mkristo, na samaki wake kabandika nyuma, utakuta mtunzi amemsifu Mungu bure na flash imelipwa. Nimewahi kuwa nayo mimi pia. Ilikuwa ya kijani.

Nimebakiwa na dakika chache, nirudi uchochoroni.

Mama yake jirani yangu alifariki miezi michache baada ya ile Jumamosi ya pasi. Bibi alikuwa Mmoravian kutoka Mbeya, alikuja mjini kwa mwanawe kutibiwa. Mtaani kwetu msiba hauulizi ugomvi. Nilisikia kilio alfajiri, nikaenda nikiwa na kandambili mguuni, nikakuta watu wameanza kutandika mikeka. Nikashika upande mmoja wa turubai. Jioni kwaya yetu ikaja kuimba, kama ilivyo kawaida, hatubagui dhehebu kwenye msiba.

Spika kubwa ilikuwa imeletwa na vijana, ikawa inapiga Kwetu Pazuri ya wale Ambassadors of Christ wa Kigali, ambayo sasa hivi hapa kwetu ni kama sehemu ya ratiba ya msiba. Umeme ukakatika. Spika ikanyamaza katikati ya neno. Kimya kikawa kirefu mpaka ukasikia vijiko vya jikoni. Mwalimu wetu akatoa sauti kwa mdomo, akatupa noti, tukaanza utenzi wa zamani kutoka Tenzi za Rohoni, polepole, gizani, bila kitabu. Ubeti wa kwanza tulikuwa sisi tu. Ubeti wa pili nikasikia sauti ya tatu imeongezeka, tena imara, inapanda pale pagumu ambapo tena wetu wawili huwa wanaparuza. Nikageuka. Ilikuwa inatoka mlangoni. Jirani yangu amesimama na shuka begani, macho amefumba, anaimba sauti hiyo ya tatu kama mtu aliyefundishwa akiwa mtoto na hakuacha kuikumbuka. Na utenzi ule, msikilizaji, mwenye dhambi ndani yake alikuwa mwimbaji. Tukamwimba huyo mwenye dhambi, yeye juu, mimi chini, beti zote nne.

Siku ya kuzika, jeneza lilipofika uchochoroni halikupita. Lilikosa nafasi kidogo tu, kama futi moja. Tulilazimika kuliinamisha upande, wanaume sita, yeye mbele na mimi nyuma, huku tukikwangua mikono kwenye ukuta wake mpya. Hakuna aliyesema neno. Alinitazama juu ya jeneza, nikatazama chini.

Ukuta ungalipo. Siku hizi tunasalimiana kwa maneno, na Alhamisi huwa anapita pale tunapofanya mazoezi, anasimama dirishani. Mwalimu amekwisha kumwambia kuna joho la zambarau halina mtu. Bado anafikiria. Ukosi wa hilo joho una doa la rangi ya chai.

Fundi mitambo ananinyooshea vidole viwili, ndiyo dakika zilizobaki. Kabla ya kipindi aliniuliza tufunge na wimbo gani, nikamwambia achague yeye. Ameshika Kifo cha Dakta Remmy. Haya, fundi, piga.